Nimefiwa na mbwa, kazini wamenichangia rambirambi wakidhani ni dada yangu. Nifanyeje?

Suka wa Goba (mwanzisha uzi)

Wakuu, heri ya jioni. Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla hamjacheka, ingawa najua mtacheka.

Jumatatu ya wiki iliyopita alfajiri nilimpigia msimamizi wangu kazini kuomba ruhusa ya siku moja. Sauti imekauka, usiku kucha sijalala. Nikamwambia, "Bosi, Dachi amefariki." Akanyamaza kidogo, akasema, "Dah! Pole sana ndugu yangu. Tulia nyumbani mpaka Alhamisi." Nikashukuru, nikakata simu. Saa nane mchana M-Pesa ikaingia, shilingi 140,000 kutoka kwa mweka hazina wetu, na ujumbe chini yake: "Pole kwa kufiwa na dada. Kidogo tulichojaliwa. Mungu ampumzishe."

Dachi si dada yangu. Dachi ni mbwa.

Hela ipo kwenye simu, sijaigusa hata mia. Nimerudi yadi Alhamisi kila mtu ananishika bega. Mlinzi wa getini, ambaye kwa kawaida hanisalimii, kaniuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Nikajibu hakujaliwa. Sasa hapo nimedanganya au sijadanganya?

Nirudishe? Nikae kimya? Ila kabla hamjajibu, acheni niwaeleze Dachi alikuwa nani, kwa sababu wiki nzima hii sijapata mtu wa kumsimulia.

Mwaka 2018 nilikuwa dereva wa familia moja ya Waayalandi, Masaki. Walishuka uwanja wa ndege na watoto wawili, masanduku tisa na mbwa jike aina ya grehaundi, rangi ya jivu la mkaa. Jina lake kwenye karatasi ni Duchess. Wanangu likawashinda, wakalikatakata likabaki Dachi. Alhaji, mzee jirani yangu, aliposikia mara ya kwanza akaniuliza, "Kumbe mbwa wa Kijerumani?" Ikabidi nimhakikishie kwamba si Mdachi.

Alikuwa mkimbiaji mstaafu. Kwao grehaundi wanashindanishwa uwanjani, wanamfukuza sungura wa bandia anayevutwa na mtambo, watu jukwaani wameweka dau. Dachi alikimbia mpaka alipovunjika kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia. Bosi wa Masaki alinieleza kwamba huo ndio mguu unaovunjika sana, maana wanazunguka kushoto tu, na kwenye kona mzigo wote unaangukia mguu wa kulia. Mbwa akishavunjika kazi imeisha. Mwenye bahati anapata watu wa kumchukua nyumbani, na yeye aliipata. Ndani ya masikio yote mawili alikuwa na herufi zilizochanjwa kwa wino wa kijani. Nilikuwa namtania kwamba ile ni namba yake ya usajili, siku akinisumbua namrudisha TRA.

Machi 2020, korona ilipochachamaa, ile familia ikaitwa kwao haraka. Ndege waliyopata haikubeba mbwa. Mama akanikabidhi gunia la chakula, godoro la Dachi na kamba yake, akasema miezi mitatu tu. Miezi mitatu ikawa mwaka, mkataba wake ukaishia huko huko. Siku moja akanipigia analia, kama naona ni mzigo atanitafutia mtu wa kumchukua. Nikamwambia mama, huyu ameshazoea ugali wa dona na dagaa, hutamuweza tena.

Basi ndivyo nilivyopata mbwa wa mbio nikiwa mpangaji wa vyumba viwili na sebule.

Kama mlinzi alikuwa sifuri. Habweki. Mwaka juzi mwizi aliruka ukuta, akabeba ndoo mbili na viatu vya mama watoto, na Dachi alikuwepo barazani, akampokea kwa mkia. Kutwa kulala. Na wembamba ule, mbavu zinahesabika, mtaa mzima uliamini simlishi. Mama wa genge alikuwa ananifungia utumbo bure, kwa huruma ya mbwa, si yangu.

Lakini Jumapili alfajiri, wakuu. Tulikuwa tunapanda bajaji ya mshkaji wangu mpaka Kunduchi, tukilenga siku ambazo maji yamekupwa na mchanga umekuwa mgumu. Namfungua kamba. Grehaundi anakaribia kilomita 70 kwa saa, na kwenye kila hatua moja miguu yote minne inaachana na ardhi mara mbili, kwanza akiwa amejikunja kama ngumi, halafu akiwa amenyooka. Husikii kishindo, unasikia mchanga unaruka. Wavuvi waliokuwa wanashusha samaki waliacha kazi. Dakika mbili tu, kisha anakuja kuniegemea paja ulimi nje, na siku yake imeisha.

Na alizunguka kushoto tu. Miaka saba Dar, sikuwahi kumwona anakata kulia.

---

Kandambili

Nimesoma mwanzo mwisho, na nimecheka pale kwa mlinzi, samahani sana. Uzi kama huu bila picha haujakamilika. Weka picha.

---

Chuma cha Reli

Mkuu kosa ni la Kiswahili chako. Mbwa hafariki, mbwa anakufa. Ungesema "Dachi amekufa" msimamizi angeuliza Dachi ni nani, mambo yakaishia hapo. Umempa mbwa kitenzi cha binadamu, ukaletewa rambirambi za binadamu.

---

Suka wa Goba

@Chuma cha Reli hapo umenimaliza. Lakini saa kumi na moja alfajiri, mwili ungali barazani umefunikwa, mdomo wangu uligoma kabisa kusema "amekufa". Nilijaribu.

---

Mkeka wa Jumamosi

Ngoja kwanza. Kumbe wale mbwa wa kwenye skrini pale kibandani tunapobeti WAPO KWELI? Mimi miaka yote najua ni katuni! Namba moja koti jekundu, namba sita mistari mistari?

---

Suka wa Goba

Wapo mkuu. Na rangi ni zile zile: moja nyekundu, mbili bluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano ya chungwa, sita mistari ya nyeusi na nyeupe. Bosi alikuwa na picha ya Dachi amevaa namba tano. Kama umewahi kuwekea hela mbwa mwenye koti la chungwa, basi tuseme mlikuwa mnafahamiana.

---

Mkeka wa Jumamosi

Namba tano amenichania mikeka mingi sana huyo. Ila namsamehe. Apumzike.

---

Mwana wa Temeke

Sipendi kuharibu uzi lakini tuambiane ukweli. Watu wako wodini wanakosa hela ya damu na dawa, wewe unatulilia mbwa wa Wazungu. Waliona ni mzigo wakakutupia. Unaitwa baba wa mbwa, unafurahi.

---

Shangazi Kinyerezi

@Mwana wa Temeke uzi wa ugonjwa wa binadamu ukifunguliwa tutakuja kuchanga, na wewe tutakutafuta huko tukuone. Hapa mtu kafiwa. Pita.

@Suka mdogo wangu, pole. Mimi nilizika paka 2011, nikamwambia mume wangu ninalia kwa sababu ya vitunguu. Siku tatu tulikula kachumbari.

---

Suka wa Goba

Shangazi nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

@Mwana wa Temeke sikukatalii. Hata mimi nilipokuwa nalipa eksirei nilijiuliza hivyo hivyo, nikamkumbuka mama yangu kijijini na bati zake zinazovuja. Sina jibu zuri. Nilichokuwa nacho ni mnyama aliyekuwa anachechemea mbele yangu kila nikirudi kazini, na bado ananyanyuka kunipokea.

---

Binti Mtoni

Kilimuua nini? Kama hutaki kusema usiseme.

---

Suka wa Goba

Nitasema, labda yupo mwingine mwenye mbwa wa aina hii hapa mjini litamsaidia.

Mwezi wa tano alianza kuchechemea mguu wa mbele. Nikajua ni kujikwaa. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, simtaji na msinitumie ujumbe kuniuliza. Akapima damu, akaona chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko chini, akasema hii ni homa ya kupe. Na kupe Goba wapo, sikuwa na sababu ya kubisha. Wiki tatu za vidonge. Akawa anakula vizuri lakini mguu unazidi. Nikienda kuugusa juu karibu na bega anageuza shingo, ananishika mkono kwa meno bila kuuma, kama mtu anayekuambia "hapana, hapo acha".

Daktari wa pili ndiye aliyesema tupige picha. Akaiweka kwenye mwanga, akaniita nisogee. Mnajua mbao ya kenchi iliyoingiwa na mchwa, nje nzima ndani unga? Hivyo ndivyo ulivyokuwa mfupa wa bega la Dachi. Saratani ya mfupa.

Akanieleza bila kunizungusha. Wenye uwezo huko nje wanakata mguu wote na kufuatisha dawa kali, na hata hapo wanapata miezi. Dachi ana miaka kumi. Dawa za maumivu zitampa wiki kadhaa, ila mfupa ule unaweza kukatika wakati wowote, hata akigeuka tu godoroni, na ukikatika ni maumivu ambayo mimi sitaki kuyaona. Akasema, "Siku utaichagua wewe. Mimi nitakuja nyumbani."

Niliwahi kuendesha lori Dar mpaka Tunduma na breki zina mashaka. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo ya kuchagua siku.

---

Daktari wa Ng'ombe

Pole sana mkuu. Mimi nilisomea SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, kazi zangu nyingi ni ng'ombe na mbuzi, lakini hili la damu ngoja niliweke wazi. Grehaundi damu yao si kama ya mbwa wengine. Chembe nyekundu wanazo nyingi kupita kawaida, chembe sahani wanazo chache kupita kawaida, na hapo ni mzima wa afya. Daktari aliyezoea jamii ya koko na jemani shepadi akiona kipimo hicho, kwa Dar, kitu cha kwanza kichwani ni kupe. Sio mzembe lazima, hajawahi kukutana naye tu.

Na mwili wao hauna mafuta, hivyo dawa za usingizi za zamani aina ya thiopentoni zinakawia mno kutoka mwilini, mbwa anaweza kulala mpaka ukaogopa. Mwenye grehaundi amwambie daktari mapema. Saratani ya mfupa nayo inawaandama kuliko mbwa wengi, hasa wakizeeka. Kuchechemea kusikoisha kwa grehaundi mzee, piga picha kwanza.

Hata hivyo, wiki tatu zile zisingebadilisha mwisho wake. Usijisulubu.

---

Suka wa Goba

Asante dokta. Hilo la mwisho nilikuwa nalihitaji na sikujua nimuulize nani.

---

Binti Mtoni

Siku ulichaguaje?

---

Suka wa Goba

Alinichagulia mwenyewe.

Nilikuwa nimeanza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la vipuri. Akila, alama. Akitoka uani mwenyewe, alama. Binti yangu wa darasa la sita ndiye alikuwa karani. Kalenda ilituonyesha siku nzuri nyingi, na mimi nikawa najificha nyuma ya alama hizo.

Alhamisi ile bajaji ya mshkaji ikapita alfajiri, na ana honi mbovu inayokoroma, hata mngekuwa mbali mngeijua. Kwa kawaida Dachi akiisikia, hata kama si Jumapili, anasimama wima masikio juu. Siku hiyo alifungua masikio, akapiga mkia godoroni mara mbili, akabaki amelala. Akaniangalia. Nikampigia daktari saa mbili, nikamwambia Jumapili.

Jumapili nilimnunulia mishikaki ya nyama kumi bila pilipili, yule muuzaji akaniuliza nina wageni. Nikasema ndiyo. Alikula saba, tatu akawaachia watoto, au tuseme watoto waliwahi. Mama wa Ayalandi alikuwa ameomba azungumze naye, nikaweka WhatsApp sauti kubwa sikioni kwake. Sijui alimwambia nini, Kiingereza chao kile kinakimbia kama Dachi mwenyewe, lakini masikio yalisimama na akaanza kutafuta kule nyuma ya simu mtu yuko wapi. Hapo mama watoto akaondoka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Daktari alikuja saa kumi jioni. Sindano ya kwanza ya kumlaza, na mishipa ya Dachi ilikuwa inaonekana kama kamba chini ya ngozi, hakutafuta. Kichwa kilikuwa mapajani kwangu. Ya pili nikaambiwa ndiyo yenyewe. Hakutikisika. Nilihisi tu kichwa kimekuwa kizito, basi.

Sasa, hawa mbwa wanalala macho wazi. Tulikuwa tumezoea, usiku unapita sebuleni unakuta anakutazama kumbe yuko usingizini. Binti akasogea, akachuchumaa, akauliza, "Baba, mbona bado anaangalia?" Nikamwambia amelala mama. Akanijibu, "Najua. Nauliza tu amelala kulala kupi."

---

Kandambili

Aisee. Nafuta ombi la picha. Hapana, silifuti, lakini chukua muda wako.

---

Mpita Njia wa Ilala

Ulimzika wapi? Nauliza kwa nia njema maana mimi nimepanga na nina mbwa mzee.

---

Suka wa Goba

Hilo ni swali zito mjini hapa. Mwenye nyumba nilimpigia Jumapili ile usiku, akasema kwenye kiwanja chake hazikwi mbwa, ataota. Sikumlaumu, nyumba ni yake. Nina kiwanja Kerege, msingi tu na mikorosho miwili. Mshkaji wa bajaji alitaka kunibeba, lakini Dachi akinyooka ni mrefu kuliko kiti cha abiria, na barabarani tungesimamishwa na kila trafiki. Nikakodi kirikuu kwa 50,000. Dereva aliuliza mzigo gani, nikasema godoro, na kweli alikuwa amelala juu ya godoro lake. Alipojua ni tulipofika, akazima gari, akashuka, akachukua jembe bila kuongea. Ardhi ya kule ni mchanga juu, chini udongo mgumu. Tulichimba mpaka kiunoni, dokta alikuwa amesisitiza kina kiwe kirefu.

Mama watoto alimfunga kwa khanga yake. Hakuchagua maneno, alichukua iliyopauka. Tulipomteremsha ndipo nikasoma: Mgeni njoo mwenyeji apone.

Na kuna kitu cha Alhaji sijakisema. Yeye ni mtu wa dini kwelikweli, Shafii, mate ya mbwa kwake ni najisi ya kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na miaka yote mitano hakumgusa Dachi hata kwa ncha ya fimbo. Lakini kila jioni aliweka kopo la maji nje ya geti lake, kwenye kivuli. Niliwahi kumwuliza. Akaniambia kuna mtu alisamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu, na kwenye Suratul Kahf wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao kizingitini, ametajwa. "Najisi ni ya nguo," akasema, "kiu si najisi."

Jumatatu tuliporudi alikuwa ananisubiri barazani kwake. Alinipa mkono, akasema pole kwa kuondokewa. Kopo bado lipo pale. Jana nimeliona lina maji.

---

Shangazi Kinyerezi

Jamani huyo Alhaji.

Sasa rudi kwenye swali lako. Hela rudisha. Sio kwa sababu ni mbwa. Ni kwa sababu siku dada yako wa kweli akifa utaenda kuwaambia nini?

---

Chuma cha Reli

Mimi nasema asirudishe. Hakuomba, hakutaja dada. Wamesikia vibaya wenyewe.

---

Mwana wa Temeke

Rudisha. Na nisamehe kwa lile bandiko la mwanzo, nilikuwa sijafika kwa binti yako.

---

Suka wa Goba

Wakuu, mrejesho.

Leo nimemfuata mweka hazina ofisini kwake saa ya chai. Ni mama mtu mzima, daftari la michango analifunga kwa kitambaa kama Biblia. Nimefunga mlango, nimesimama kama mwanafunzi, nikamweleza yote. Kwamba si dada, ni Dachi. Kwamba Dachi ni mbwa. Kwamba hela hii hapa, anipe namba niirudishe na makato nitalipa mimi.

Akanitazama muda mrefu. Akauliza, "Ndiye yule uliyekuwa unambebea mifupa kutoka kwa mama ntilie kwenye mfuko wa Rambo?"

Nikasema ndiye.

"Wewe si ulikuwa unasema ni ya supu?"

Nikanyamaza.

Akafungua daftari, akatafuta mstari kwa kidole. Kalamu nyekundu. Pameandikwa: *Msiba – dada*. Akakata "da" ya mwisho, juu yake akaandika "chi", akapuliza wino. Kisha akasema kanuni za kikundi zinasema aliyefiwa na mtu wa nyumbani kwake, hazisemi mtu wa aina gani, na kama kuna mwenye malalamiko alete kikao cha mwisho wa mwezi. Halafu akaniambia nitoke, ana kazi.

---

Mkeka wa Jumamosi

Kikao hicho mnakaa wapi, nije nikae upande wako.

---

Kandambili

Picha bado mkuu.